Kijicho cha Sigvor

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Leo naupindua msemo huo, miguu juu kichwa chini. Katika nyumba moja ya bonde letu, kikohozi ndicho kilichofichwa, na mapenzi ndiyo yaliyokificha. Kilifichwa miaka minne. Aliyekifichua hakuwa daktari. Alikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye wivu.

Mtoto huyo ni Sigvor Hauglid. Tulimzika Alhamisi iliyopita, mvua ikinyesha kwa ubavu kama kawaida yake. Alikuwa na miaka themanini na tatu. Wengi wenu mnamjua kama Sista Sigvor, muuguzi wa watoto, yule aliyewachanja begani nyinyi na wazazi wenu. Kovu mnalo mpaka leo. Lakini jioni hii simkumbuki kwa sindano. Namkumbuka kwa wivu. Sigvor Hauglid alikuwa na wivu kuliko mtu yeyote aliyepata kuishi kati ya mto huu na mlima ule, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaanza kupiga simu.

Turudi mwaka wa 1949. Vita vimekwisha Norwei, lakini sukari na kahawa bado ni za kuponi. Shamba la Hauglid lina nyumba mbili. Ya kwanza ni kubwa, ya wenye shamba. Ya pili ni ndogo, ya wazee waliokwisha kukabidhi shamba kwa watoto wao. Kati ya mlango na mlango ni hatua ishirini. Katika nyumba ndogo anakaa Babu Tarald, baba yake mama. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani, miaka thelathini sasa. Sauti yake ikipanda, madirisha yanatetemeka. Akikohoa, kama anavyokohoa miaka mitatu sasa, nayo yanatetemeka.

"Tumbaku hii," Babu husema, akikitazama kiko chake kama mbwa aliyemng'ata. "Itaniua."

Kila saa tisa alasiri Babu humimina kahawa kwenye kisahani. Hushika bonge la sukari kwa meno ya mbele, akaivuta kahawa kupitia sukari, kama wazee wa huku wanavyokunywa. Bonge likibaki nusu, hulitoa mdomoni. Nusu hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe ni Gudveig, dada yake Sigvor, miaka kumi na mmoja, ambaye wakati huo yuko mapajani mwa babu yake, mdomo wazi kama kinda la ndege.

Sigvor husimama mlangoni.

"Na mimi je, Babu?"

"Wewe? Wewe ukipewa kidole unang'ata mpaka kiwiko. Hebu nenda kaangalie kuku."

Sigvor huenda kuangalia kuku. Lakini hesabu hubaki kichwani. Alimsimulia binti yake, miaka mingi baadaye: "Mapaja yalikuwa mawili. Dada alikalia moja. Jingine lilikaliwa na gazeti."

Wahenga hao hao walisema hasidi hana sababu. Nyinyi mwambieni hivyo mtoto wa miaka minane anayezidiwa na gazeti.

Vuli ile Gudveig akaanza kukonda. Jasho lilimlowesha kitandani. Shingoni yakaota mafundo, moja, mawili, kisha mlolongo. Daktari alipopiga picha ya kifua hakukuwa tena na maneno mengi. Kifua kikuu. Wiki iliyofuata Gudveig akapelekwa Juu.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kueleza Juu ni wapi. Ilikuwa hospitali ya watoto wa kifua, pale mlimani, ndani ya misonobari. Mtu akisema "mtoto wa fulani yuko Juu," watu walishusha sauti.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Kifua kikuu cha mtoto hakitoki hewani tu kama theluji. Mtoto hupata kwa mtu mzima aliye karibu naye. Narudia: mtoto hupata kwa mtu mzima aliye karibu naye. Kwa hiyo mtu wa wilaya akaja na daftari lake, akamuuliza Mama Ingjerd, mama yake Sigvor:

"Nyumba hii mnaishi wangapi?"

"Wanne," akajibu Mama Ingjerd. "Mimi, mume wangu na wasichana wawili."

Na kwa desturi ya huku, alisema kweli. Nyumba ndogo ni kaya nyingine. Ina jiko lake, ina bomba lake la moshi. Wanne wa nyumba kubwa wakapimwa wote, watu wazima wakaonekana wazima. Mtu wa daftari akafunga daftari.

Kulikuwa pia na gari la picha, lililozunguka vijijini, na sheria ilimtaka kila mtu mzima asimame mbele yake kifua wazi. Lilipofika bondeni, Babu Tarald hakuonekana.

"Yuko malishoni," akasema Mama Ingjerd. "Anatengeneza ua."

Malishoni, wasikilizaji wapendwa. Mwezi wa Novemba. Ng'ombe wote wako zizini wanatafuna, theluji imefika magotini, na mzee wa miaka sabini na moja yuko mlimani anatengeneza ua. Watu wa gari la picha waliandika "malishoni" wakaenda zao.

Msimhukumu Mama Ingjerd haraka. Mama yake mwenyewe alichukuliwa na ugonjwa huo huo mwaka wa 1922. Alitoka akitembea kwa miguu yake, akarudi ndani ya sanduku. Mama Ingjerd alijua kikohozi kile si cha tumbaku. Alijua, naye alimpenda baba yake. Basi.

Kutoka Juu zikaja barua. Gudveig aliandika kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja. "Mama mpendwa, asubuhi tunakunywa malai, kikombe kizima. Mayai ni mawili. Jumapili nilipewa chungwa. Zima."

Sigvor alilisoma neno hilo mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Zima. Mara ya mwisho yeye kuona chungwa lilikuwa limechorwa.

Siagi ya nyumba sasa ilikwenda Juu. Soksi mpya zilikwenda Juu. Kila Jumapili ya pili Mama Ingjerd alipanda basi, akaenda kumwona mwanawe kupitia kioo, maana kuingia hakuruhusiwi. Alirudi macho mekundu, akaketi na koti lake jikoni, asimwone Sigvor aliyekuwa amesimama mbele yake na sahani ya viazi.

Hapo ndipo wivu ulipogeuka. Sigvor hakutaka tena sukari. Hakutaka hata chungwa. Alitaka mtu mmoja, siku moja, arudi kutoka kwake na macho mekundu.

Januari mdogo wao Torleiv akazaliwa. Na lile paja la babu, lililobaki wazi tangu Gudveig aondoke? Sigvor alidhani zamu yake imewadia. Wapi. Babu aliomba aletewe kitoto. Alikipakata alasiri nzima. Kikilia, alifunga sukari kwenye kitambaa safi, akakilowesha kwanza mdomoni mwake, akakitia mdomoni mwa kitoto.

"Huyu atakuwa mwimbaji," Babu alisema. Kisha akakohoa.

Sigvor aliangalia yote hayo kutoka mlangoni.

Juni ya mwaka wa 1950, Sista Borgny akaja shuleni. Sista Borgny alikuwa muuguzi wa wilaya, mwanamke mpana, mwenye baiskeli na sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja na kipimo cha mkwaruzo. Kila mtoto alikwaruzwa mkononi mara mbili. Siku ya tatu Sista alirudi kusoma mikono. Mkono laini maana yake ugonjwa haujakugusa. Mkono wenye uvimbe mgumu mwekundu maana yake umekugusa, na huenda safari ikawa ni ya Juu.

Watoto wote darasani waliomba Mungu mikono ibaki laini. Wote isipokuwa mmoja.

Siku ya tatu asubuhi mkono wa Sigvor ulikuwa laini kama kioo cha dirisha. Akaenda nyuma ya zizi, kwenye yale majani yanayowasha. Akachuma kwa kitambaa, akasugua. Akasugua tena. Mkono ukawaka moto, ukavimba, ukawa mwekundu. Akaenda shuleni anauma meno, ana furaha.

Sista Borgny alivaa miwani. Akaushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Wewe mtoto," akasema, "unajua kwa nini nilikukwaruza mara mbili?"

"Sijui, Sista."

"Huu wa juu nilitia dawa ya kipimo. Huu wa chini sikutia kitu. Ni wa kulinganishia tu. Sasa hebu nieleze, mwanangu. Huu mkwaruzo mtupu nao umepata kifua kikuu?"

Darasa likaangua kicheko. Sista Borgny aliwanyamazisha kwa jicho moja, akamtoa Sigvor nje, akamkalisha kwenye ngazi.

"Watoto wenzako wanalia nisiwaandike. Wewe umejiunguza nikuandike. Una wazimu?"

Na pale kwenye ngazi, wasikilizaji, wivu wote wa Hauglid ukapasuka kama bwawa.

"Gudveig anapata kila kitu! Malai anapata yeye. Siagi yetu anapata yeye. Mama anamlilia yeye. Hata kabla hajaugua alikuwa anakaa mapajani kwa Babu, anapewa sukari ya mdomoni mwa Babu kila siku, mimi naambiwa nikaangalie kuku! Na sasa anapewa Torleiv! Torleiv hana hata meno!"

Sista Borgny hakuwa anacheka tena.

"Babu gani?"

"Babu wa nyumba ndogo."

"Sukari ya mdomoni?"

"Nusu bonge. Torleiv anafungiwa kwenye kitambaa."

"Na huyo babu," akauliza Sista Borgny taratibu, "anakohoa?"

"Anakohoa mpaka madirisha yanalia. Mama anasema ni tumbaku."

"Gari la picha lilipokuja, alikuwa wapi?"

"Malishoni," akasema Sigvor. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mkweli katika hasira yake, akaongeza: "Chini ya kitanda."

Wivu tunauita kijicho. Kijicho, jicho dogo. Mtu wa daftari alikuwa na macho makubwa mawili na kalamu. Gari la picha lilikuwa na jicho la kioo la kutoboa mifupa. Jicho dogo ndilo lililoona.

Kesho yake gari la wilaya likasimama kati ya nyumba kubwa na nyumba ndogo. Picha ya kifua ilionyesha tundu katika pafu la kushoto, la kutosha kuingia yai. Babu Tarald alikuwa ndiye. Gudveig aliupata kwake. Torleiv, miezi mitano, alikuwa njiani kuupata kwake. Daktari alimwambia Mama Ingjerd bila kuzungusha: kwa mtoto mchanga ugonjwa huu hupanda kichwani, na ukipanda kichwani huchukua siku chache tu. Wakakipima kitoto. Mkono laini. Wakangoja miezi miwili mbali na babu, wakapima tena. Laini. Wakamchanja.

Narudia, maana redioni mambo hupita haraka. Mkono wa Torleiv ulikuwa laini. Kitoto kilipona kabla hakijaugua.

Lakini siku ile uani hakuna aliyekuwa na habari za mkono laini. Babu Tarald alitoka na koti lake la kanisani na kisanduku. Majirani walisimama barabarani wakijifanya wanangoja maziwa. Mama Ingjerd alimshika Sigvor bega.

"Nenda kamwombe babu yako radhi."

"Radhi ya nini?"

"Umemuuza babu yako, mtoto wewe. Umemuuza kwa wageni."

"Mimi nimesema nilinyimwa sukari. Nilinyimwa au sikunyimwa?"

Babu alipofika kwenye gari akageuka.

"Umefurahi sasa?" akamuuliza.

"Sijafurahi," akasema Sigvor. "Na bado sijapewa."

Babu Tarald alikufa Novemba, katika hospitali ya watu wazima, kwenye chumba chenye vitanda sita. Wanasema aliwafundisha wenzake nyimbo mpaka wiki ya mwisho, kwa kunong'ona. Sigvor hakumwona tena. Nyumbani, mwaka mzima, hakuna aliyemsemesha zaidi ya lazima. Alikula, alivaa, alikwenda shule. Mama alirudi kutoka makaburini na macho mekundu, na macho hayo hayakuwa ya Sigvor.

Sista Borgny alimchanja mwenyewe. Akamwambia kitu ambacho Sigvor alikibeba maisha yake yote.

"Unajua kwa nini mkono wako ulikuwa laini? Hukukaa mapajani. Hukupewa sukari. Ulichonyimwa ndicho kilichokuokoa."

Sigvor alifunika bega lake.

"Basi bora ningepewa," akasema.

Huyo ndiye mtu tuliyemzika Alhamisi.

Akawa muuguzi. Miaka arobaini na miwili alipanda milima hii na mkoba. Na kila mtoto aliyekohoa zaidi ya wiki tatu, Sigvor alikuwa na swali moja. Hakuuliza nyumba mna wangapi. Aliuliza, "Huyu anakaa mapajani mwa nani?"

Mwaka wa 1998 kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyevuta dawa ya pumu tangu Pasaka bila nafuu. Kifua kikuu? Kila mtu alisema kiliondoka na enzi za farasi. Kilipotajwa, vidole vikaelekea kwa familia moja iliyohamia jirani kutoka nchi ya mbali. Sigvor aliwapima jirani hao, kwa heshima, akanywa chai yao. Walikuwa wazima. Kisha akauliza swali lake. Mapaja yalikuwa ya bibi mzaa baba, mzaliwa wa bonde hili, aliyepata ugonjwa utotoni. Ulilala kifuani karibu miaka hamsini, ukaamka uzeeni.

"Mimi na wewe tunajuana tangu shule," yule bibi akamlalamikia. "Unanidhalilishaje hivi?"

"Wewe una mjukuu anakupenda," Sigvor akajibu. "Mimi nakuonea wivu. Vua blauzi nikupige picha."

Mtoto yule alipona. Bibi naye alipona, akaishi miaka tisa zaidi.

Torleiv yuko hai. Ana miaka sabini na mitano, anaimba kwaya, anaimba vibaya. Nilimuuliza juu ya dada yake. Akasema, "Sigvor hakuwahi kunisamehe lile paja. Kila siku yangu ya kuzaliwa aliniletea pakiti ya sukari. Kadi imeandikwa, 'Bado nakudai asante.' Nilimpigia kusema asante kila mwaka. Alikuwa anakata simu."

Na Gudveig? Gudveig alikaa Juu miezi kumi na minne. Alirudi mnene, na kovu shingoni, na Sigvor akalionea wivu hata kovu. Miaka michache iliyopita wawili hawa walikuwa wanakunywa kahawa, vikongwe wote wawili, ndipo Gudveig aliposema, "Lile chungwa, mdogo wangu. Halikuwa zima. Tuligawana wanane. Mimi nilipata vipande viwili na mbegu."

"Kwa nini uliandika zima?"

"Nilikuwa nimelala chali, naangalia dari, namwona mama kupitia kioo kama samaki. Wewe uko nyumbani, unamgusa ukitaka. Nikasema, bora nionewe wivu kuliko nionewe huruma."

Binti yake Sigvor alikuwapo. Anasema mama yake aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Miaka sabini nimekuwa nikilionea wivu chungwa ambalo hukulila. Gudveig, wewe ni mwizi." Wakacheka mpaka mmoja wao akahitaji maji. Sikuambiwa ni yupi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa binti yake Sigvor, kwa Torleiv, na kwa Bi Gudveig, aliyebaki bila mtu wa kumwonea wivu, na huo nao ni upweke. Mungu awatie nguvu. Na nyinyi mlio nyumbani, tafakarini usiku huu. Mtoto wenu akikohoa wiki baada ya wiki, akakonda, akatoka jasho, msiridhike na jina la kwanza la ugonjwa mnalopewa. Msitazame ng'ambo ya barabara. Tazameni mapajani. Na mzee mpendwa wa nyumba yenu akikohoa, mpelekeni akapimwe, leo kuna dawa na anarudi nyumbani. Kumficha si kumpenda.

Jambo moja la mwisho. Jana Bi Gudveig alinipigia simu. Ana miaka themanini na sita na sauti bado kali. Alisema, "Binti, nasikia utamtangaza babu yangu. Yule alikuwa mtu mwema. Alituimbia, alituchekesha, alijinyima yeye mwenyewe sukari akanipa mimi. Ukimtaja na kikohozi chake mbele ya bonde zima, uniombe radhi papo hapo, hewani, watu wote wasikie. Mdogo wangu alikataa kumwomba radhi. Wewe utaniomba."

Bi Gudveig, najua unasikiliza. Babu Tarald alikuwa mtu mwema. Nimelisema, na nalisema tena. Alikupenda. Alikuambukiza kwa kukupenda. Nimemtaja kwa jina, nimekitaja kikohozi, nimewataja waliokificha na mtoto aliyekisema. Kesho wakiniuliza nitayasema hayo hayo, kwa mpangilio huo huo.

Radhi siombi.